Kuwinda kwa mara ya kwanza Nyanda za Juu Kusini: kutoka leseni hadi nyama kufika nyumbani

Kila inapokaribia Julai maswali huwa ni yale yale. Nianzie ofisi gani? Bunduki ya aina gani inatosha? Niende Idodi au Chunya? Mbona tumezunguka kutwa nzima na hatukuona hata mkia? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukimaliza kusoma ujue la kufanya kesho asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa hapa nchini anayetaka kuwinda kwa leseni, kwa miguu, mnyama mmoja au wawili wa kitoweo: swala pala, ngiri, kanga, kwale. Nyati simo. Nyara za kutundika ukutani simo. Biashara ya nyama simo. Na kama mpango wako ni nyaya, mashimo, sumu au tochi usiku, huo ni ujangili, na mwisho wake ni mahakamani.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu hatua zote zinalizunguka: mnyama ukishamwelekezea mtutu, una deni kwake, nalo ni kifo cha haraka. Kama huna uhakika wa kulilipa deni hilo kwa risasi ya kwanza, usipige. Rudi kambini ukale ugali na maharage, kesho kuna asubuhi nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

Karatasi kwanza, maana ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko vyote.

- Leseni ya kumiliki silaha yenye jina lako. Inapatikana kupitia polisi, na maombi yanaanzia kwenye serikali yako ya kijiji au mtaa. Anza miezi mingi kabla ya msimu. Usiazime bunduki ya mjomba. Silaha inatembea na mwenye leseni yake.
- Leseni ya kuwinda. Inatolewa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Pa kuanzia ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye wazee bado wanamwita Bwana Nyama, na ofisi za TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Leseni inataja jina lako, aina na idadi ya wanyama, eneo na muda. Hata kanga ana leseni yake.
- Kitambulisho cha Taifa na nakala za kila kitu, ndani ya mfuko usioingiza maji.

Bunduki: kwa swala na ngiri, raifo kuanzia .240 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) kwenda juu, yenye darubini iliyofungwa imara. Kwa ndege, shotigani. Kiwango cha .375 ni cha nyati na wanyama wa hatari, na wewe huwaendei hao. Risasi zote ziwe za aina moja, zile zile ulizojipimia shabaha, kwa sababu ukibadilisha aina, risasi hubadilisha mahali pa kutua.

Mengine: darubini ya mkono, visu viwili vikali na kinoleo, kamba mita kumi, chumvi ya mawe, vitambaa safi vya pamba vya kufunikia nyama, soksi kuukuu yenye majivu yaliyochekechwa (utaona kazi yake mbele), karatasi ya chooni, maji lita tano kwa mtu kwa siku, filimbi, tochi ya kambini, dawa za jeraha na bandeji ndefu. Nguo za kahawia au kijani iliyopauka. Usivae bluu wala nyeusi: ndorobo (mbung'o) wanazipenda rangi hizo, na upande wa Chunya watakuadhibu mchana kutwa.

Wapi pa kwenda

Kwa anayeanza mimi napendekeza Idodi na Pawaga kabla ya kwingine kokote. Ukitoka Iringa mjini kuelekea lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baridi ya mjini inakuacha njiani. Unashukia kwenye mibuyu, migunga na ardhi ya kichanga. Kichanga hicho ndicho mwalimu wako, kwa kuwa kila kwato inaandika. Swala pala wapo, ngiri wapo, digidigi na kanga ni wengi. Vijiji 21 vya tarafa hizo mbili viliunda jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, hivyo lolote la wanyama huko linapita kwao pia. Usifike na leseni ya wilaya ukadhani umemaliza.

Pa pili ni miombo ya Chunya, ukipanda kupita Makongolosi kuelekea Rungwa. Ni nchi nzuri mno. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijanyesha, miti inatoa majani mekundu, na palipoungua panachipua majani mabichi ambayo kongoni, korongo (swala mkubwa, si ndege) na palahala wanayafuata. Lakini si pa mgeni. Msitu ni mmoja kila upande, maji yako mbali, na sehemu kubwa ya mapori hayo ni vitalu vya makampuni ya uwindaji wa kitalii. Nenda huko ukiwa na mtu anayekujua na anayelijua pori.

Pa tatu, kwa ndege tu: kingo za mashamba baada ya mavuno, Mbarali, Mbozi, Wanging'ombe. Kwale na kanga wanaokota nafaka zilizodondoka. Ruhusa ya mwenye shamba na ya serikali ya kijiji ni lazima, juu ya leseni.

Sasa sehemu ambazo huingii na bunduki hata kwa bahati mbaya. Ruaha ni hifadhi ya taifa tangu 1964, Udzungwa tangu 1992, Kitulo tangu 2005. Usangu, ambako wazee wako watakusimulia kwamba waliwinda, iliunganishwa na Ruaha mwaka 2008, na mipaka ikarekebishwa tena 2023. Kwa hiyo ramani ya kichwani mwa babu haikusaidii, itakufunga. Mpanga-Kipengere ni pori la akiba. Na misitu ya Mlima Rungwe ina kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu, na minde, paa wa msituni aliye adimu sana. Ukiwa kule, mikono mfukoni.

Hatua kwa hatua

1. Thibitisha msimu na eneo la mwaka huu. Msimu kwa kawaida unafunguliwa Julai 1. Lakini kuna miaka uwindaji wa wenyeji ulisimamishwa kabisa, na maeneo yanayotengwa hubadilika. Muulize afisa maswali manne na uandike majibu: eneo gani liko wazi kwa wenyeji, wanyama gani na wangapi, leseni inaisha lini, na nani ataongozana nasi. Omba uoneshwe mpaka kwenye ramani, si kwa kidole kuelekea mlimani.

Hapo hapo muulize umbali wa kukaa na mpaka wa hifadhi, visima vya maji na sehemu wanyama wanaporamba chumvi. Kumvizia mnyama anayekunywa hakuruhusiwi. Kupiga kutoka ndani ya gari hakuruhusiwi pia, wala ukiwa chini ya mita 200 kutoka kwenye gari. Usiku hakuna kuwinda.

2. Jipime shabaha kabla ya pori. Nenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Rekebisha darubini kwa mita 100. Kisha acha kupiga ukiwa umeegemea mezani, maana porini hakuna meza. Piga ukiwa umepiga goti, umeketi, na ukiegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu. Weka sahani ya chai kama shabaha. Umbali ambao risasi tano zote zinaingia kwenye sahani hiyo ndio umbali wako, na ukiwa mita 70, basi ni mita 70. Usione haya. Swala wengi wanaopatikana kwa miguu wanapigwa ndani ya mita 100.

*Kosa la kawaida:* kupima shabaha Iringa, kisha kusafiri na bunduki ikiyumba nyuma ya gari kwenye barabara ya vumbi kutwa nzima, halafu kuiamini. Kama kuna mahali panaporuhusiwa, ipime tena kwa risasi moja au mbili ukifika.

3. Ripoti kijijini na umpate mwenyeji. Nenda ofisi ya kijiji kabla hujashusha mizigo. Salimia watu vizuri; huko kwa Wahehe ukianza na "kamwene" nyuso zinafunguka. Onesha karatasi zako kabla hujaombwa. Kisha tafuteni mtu anayelijua pori, mkubaliane malipo ya siku na sehemu ya nyama atakayopata, mbele ya mtu wa tatu. Ukishamchukua, msikilize. Akisema "Tusipite hapa, kaka," usimwulize sababu wakati huo. Utauliza jioni.

4. Siku ya kwanza isome nchi. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Siku ya kwanza tembea taratibu, bila nia ya kupiga, ukitafuta vitu vitatu: maji, majani mabichi na njia zinazoviunganisha. Kiangazi maji yanapungua haraka. Mto Ruaha Mkuu wenyewe, tangu 1993, umekuwa ukikatika kutiririka wakati wa kiangazi, na wanyama wanabaki kwenye madimbwi machache na kwenye mashimo ambayo tembo wanachimba mchangani. Njia za kutoka huko ndizo unazozitaka, mbali na maji yenyewe.

Sasa inama. Unyayo wa swala pala ni mwembamba, ncha mbili kali mbele, mfano wa moyo uliorefushwa. Wa ngiri ni mnene zaidi na mbele umeviringana. Tazama kingo za unyayo: kama ni kali na chembe za mchanga zinaning'inia pembeni, mnyama amepita muda si mrefu. Kingo zikiwa zimelainika na ndani kumeingia majani makavu, ni wa jana. Kisha tazama alama ambazo watu hawazitazami: vijistari vyembamba vya mende na wadudu wa usiku. Kijistari kikipita juu ya unyayo, mnyama alipita usiku ule au kabla yake. Unyayo ukiwa umekanyaga juu ya kijistari, amepita baada ya wadudu kulala, yaani alfajiri. Huyo mfuate.

Mavi yanasema pia. Yakiwa yanang'aa na yanabonyea kidoleni, uko karibu. Yaliyokauka nje lakini ndani mabichi, saa kadhaa zimepita.

5. Jua upepo, kisha uujue tena. Mnyama anaweza kukuona akakusamehe kama husogei. Anaweza kusikia kijiti kikikatika akarudi kula. Akikunusa, hakuna msamaha. Kwa hiyo soksi ya majivu ikae kiganjani. Ipigepige mara moja na utazame vumbi linakwenda wapi, si hapo mkononi tu, lifuate kwa macho hatua kumi.

Nchi yetu ina tabia yake. Alfajiri hewa ya baridi inashuka kutoka mlimani kuelekea bondeni. Jua likishapanda na ardhi ikapata joto, inageuka na kupanda. Katikati kuna kipindi, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, upepo unapozunguka zunguka bila mpango. Kipindi hicho kaa chini. Ukilazimisha kunyata wakati huo utawafukuza wanyama uliowatafuta tangu alfajiri, na hawatarudi bonde hilo siku hiyo. Kwa hiyo asubuhi mapema pandisha kutoka chini, na mchana shuka kutoka juu, upepo ukija usoni mwako au ubavuni.

6. Nyata, au otea. Njia mbili, na kila moja ina saa yake.

Kunyata ni kwa asubuhi, kuanzia kunapopambazuka hadi saa tatu. Hatua tatu, simama, tazama kwa darubini ya mkono. Usitafute swala mzima. Tafuta sikio linalochezea nzi, mstari mweusi wa paja, mkia. Weka ukingo wa nje wa mguu chini kwanza, usikie kilicho chini ya soli, ndipo uegemeze uzito. Mwezi wa nane kwenye miombo majani makavu yanapiga kelele sana hata ukienda hivyo. Hapo pita kwenye njia za wanyama na mahali palipoungua.

Kuotea ni kwa jioni, kuanzia saa kumi. Kaa kwenye kivuli, mgongo dhidi ya mti mnene, ukiangalia njia uliyoisoma siku ya kwanza. Si kwenye maji. Mimi naupenda zaidi uvizio wa jioni kwa mtu anayeanza, kwa sababu mapigo ya moyo yanakuwa yametulia na mnyama anakuja taratibu ukiwa umeshaegemeza bunduki. Lakini kuna sharti: weka saa ya mwisho ya kupiga, walau saa nzima kabla ya giza. Mnyama aliyejeruhiwa saa kumi na mbili jioni atafuatiliwa na fisi, si na wewe.

Sikiliza ndege. Kanga wakilipuka kwa kelele mbele yenu, kuna kitu kimewashtua, na huenda ni ninyi. Ndege wanaokula kupe wakiruka kutoka kichakani wakizomea, simama mara moja: wanakaa juu ya migongo mikubwa, na mgongo huo unaweza kuwa wa nyati. Rudini mlikotoka bila kukimbia.

7. Chagua mnyama. Kwa swala pala piga dume tu. Dume ana pembe, jike hana kabisa, hivyo hakuna kisingizio. Tafuta makundi ya madume watupu, yanayotembea mbali na majike. Kwa ngiri, tazama muda mrefu kama kuna watoto nyuma yake kwenye nyasi. Akiwa nao, mwache.

Kabla ya kuinua bunduki jiulize: nyuma yake kuna nini? Risasi ya raifo inapita mwilini na kuendelea. Kama nyuma kuna kichaka usichokiona ndani, barabara, mifugo, au swala mwingine, subiri asogee.

8. Piga. Mnyama awe amesimama ubavu. Fuata kwa macho ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu, na usimame theluthi moja ya unene wa mwili kutoka chini. Hapo kuna moyo, na juu yake mapafu. Akiwa amekupa mgongo kidogo, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama usoni, usipige. Akitembea, usipige. Usilenge kichwa, kinasogea muda wote, na taya lililovunjika ni kifo cha siku nyingi.

Vuta pumzi, toa nusu, bana triga polepole. Ukishapiga, pakia nyingine papo hapo na uendelee kutazama kupitia darubini. Usiruke, usishangilie. Unatakiwa kuona alivyopokea risasi: akiruka juu na kukimbia kwa nguvu akiwa chini chini, mara nyingi ni moyo au mapafu. Akijikunja mgongo na kwenda taratibu, ni tumbo.

9. Subiri, kisha fuatilia. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote: kumkimbilia. Mnyama aliyepigwa mapafu akiachwa hulala ndani ya mita mia moja au mia mbili. Akikimbizwa, anaweza kwenda kilomita. Kaa chini nusu saa. Kama ulimwona akijikunja, kaa dakika 90.

Weka alama mahali ulipopigia, kisha nenda hadi pale alipokuwa amesimama na uweke alama nyingine. Tafuta damu na manyoya:

- Damu ya pinki yenye povu: mapafu. Yuko karibu.
- Nyekundu iliyokolea sana: ini, au nyama tu. Nenda polepole.
- Yenye majimaji ya kijani na harufu ya majani: tumbo. Kama hujasubiri vya kutosha, rudi ukakae.

Fuateni damu wawili: mmoja macho chini, mwingine macho mbele na bunduki tayari. Msikanyage njia yenyewe, tembeeni pembeni. Kila tone, bandika kipande cha karatasi ya chooni kwenye tawi. Damu ikikatika, ukigeuka nyuma vile vipande vitakuonesha mwelekeo aliokuwa akienda. Mkimaliza viokoteni.

10. Mkaribie, mchinje, jaza leseni. Mwendee kutoka nyuma ya mgongo, si upande wa miguu wala pembe. Gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa bado yu hai, mmalize. Kama kati yenu au nyumbani kuna Waislamu, mkubaliane mapema nani atachinja, na awe karibu, kwa sababu ni lazima achinjwe kabla hajafa ili wote wale. Nyama ya pori ikifika kijijini inaliwa na nyumba nyingi. Usiifanye ya nusu ya watu kwa uzembe wa dakika tano.

Kisha, kabla ya kisu kingine chochote, jaza leseni. Hapo hapo, kwa kalamu. Ukikutwa na mnyama mzima na leseni tupu, utaonekana unataka kuitumia mara mbili.

11. Tunza nyama. Idodi kwenye jua la saa sita, nyama inaanza kuharibika ukiwa bado unapiga picha. Mvute kivulini. Toa matumbo ndani ya dakika 30: kata ngozi ya tumbo kwa kisu makali yakiangalia juu, vidole viwili vikitangulia chini ya ncha, ili usitoboe utumbo wala kibofu. Ikitoboka, kata na utupe nyama iliyochafuka, usiisambaze kwa maji machache.

Kagua ini na mapafu. Ini lenye usaha au vivimbe, weka pembeni umwoneshe afisa mifugo kabla ya kula. Na mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimguse, usimchune: inaweza kuwa kimeta, nacho kinaua watu. Toa taarifa.

Kama ni ngiri, kuna jambo wafugaji wa Mbeya, Songwe na Njombe watakushukuru ukilishika. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua. Binadamu haimpati, lakini nguruwe wa kufugwa wanakwisha, na dawa haipo. Usipeleke mabaki, ngozi wala maji ya kuoshea nyama karibu na banda. Badilisha viatu na nguo kabla ya kulisha nguruwe wako. Mabaki yazike.

Ning'iniza mapande juu ya mti, yafunike kwa vitambaa, yapate upepo. Safari ikiwa ya siku zaidi ya moja, kata vipande virefu vyembamba, paka chumvi, anika au banika. Usifunge nyama yenye joto kwenye nailoni.

12. Safiri na karatasi. Nyama, ngozi na pembe zinatembea na leseni iliyojazwa. Pembe na ngozi ni nyara. Uliza kuhusu hati ya kuzimiliki kabla hujaondoka wilayani. Usiuze hata kilo moja. Bucha za nyamapori zipo kisheria tangu kanuni za 2020, zina leseni zake, na leseni yako ya kuwinda siyo hiyo.

Kwa ndege, maneno machache

Kanga wanarudi kwenye miti ya kulala jioni, usiwapige mtini. Asubuhi wapate wakiokota chini, waamshe, mpige mmoja aliyejitenga angani, ndani ya mita 30. Ukifyatua katikati ya kundi, marisawa yatajeruhi wengi ambao hutawapata. Kwale analipuka miguuni ghafla. Mwache aende hatua kadhaa, ndipo upige. Usipige usawa wa kifua cha mtu. Huyu ndiye mchezo mzuri wa kujifunzia, na kama moyo wako bado unasita kwa swala, kaa na kwale msimu mzima.

Ukikwama

*Tunaona nyayo, hatuoni wanyama.* Mnachelewa kutoka. Muwe mmeshafika kwenye njia yao kabla hakujapambazuka, mkisubiri mwanga kamili. Au mko wengi: wawili na mwongozaji wanatosha, wengine wabaki kambini.

*Wanakimbia kabla hatujafika umbali wa kupiga.* Upepo. Kama si upepo, ni mazungumzo, simu, au sigara. Jaribuni kuotea badala ya kunyata kwa siku mbili.

*Nimepiga, hakuna damu.* Nenda hadi mahali alipotoweka kabla hujasema umekosa. Mafuta na ngozi vinaweza kuziba tundu, damu ikaanza mita 50 mbele. Tafuta manyoya yaliyokatwa na vumbi la risasi nyuma yake. Tafuta saa mbili kamili, mkizunguka kwa duara linalopanuka.

*Nimemjeruhi na ameingia hifadhini au kwenye kitalu cha wengine.* Simama mpakani. Usivuke na bunduki hata kama unamwona. Piga simu kwa askari wanyamapori mara moja, eleza ukweli na mahali. Na mnyama huyo mhesabu kwenye leseni yako, usitafute mwingine.

*Tumepotea.* Kaeni mahali pamoja, kivulini, filimbi mara tatu kila baada ya muda. Msifuate korongo kavu mkidhani litawatoa. Chunya linaweza kuwapeleka siku mbili bila kijiji.

*Mtu ameumwa na nyoka.* Msikate, msinyonye, msifunge kwa kamba. Mlazeni, kiungo kisisogezwe, mfungeni bandeji pana na gongo la kukishikilia, mpelekeni hospitali. Kuwinda kumeishia hapo.

*Nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu, nataka kuwapiga shambani usiku.* Leseni yako haikupi ruhusa hiyo. Toa taarifa kijijini na kwa afisa wanyamapori. Udhibiti wa waharibifu una utaratibu wake na watu wake.

*Leseni inaisha kesho na sijapiga kitu.* Usipige jike wala dume wa mbali kwa sababu ya ada uliyolipa. Andika kwamba hukupata, rudisha leseni ofisini, na ukiwa pale uliza lini maombi ya msimu ujao yanaanza kupokelewa.